Bei ya ng'ombe iandikwe getini: niliyoongea kwenye mkutano wa wafugaji

Wengi mmeniomba niyaandike niliyoongea mkutanoni, basi haya hapa, nimeandika vile vile nilivyoongea, nimetoa tu utani wa wazee ambao hauandikiki.

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka mama zangu, vijana wenzangu hamjambo. Mheshimiwa diwani shikamoo, afisa mifugo wetu, mwenyekiti wa soko, na nyie wachuuzi niliowaona mmekaa kule nyuma karibu na mlango, karibuni sana, msiondoke, leo siwasemi peke yenu, kila mtu atapata fungu lake.

Wengi mnanijua. Kwa wasionijua mimi ni mtoto wa mfugaji ila riziki yangu naipata buchani, kwa hiyo ng'ombe namjua akiwa zizini na namjua akiwa ameshaning'inia kwenye ndoano, na hiyo ndio sababu mwenyekiti akaniita niongee maana alisema huyu anakula pande zote mbili. Ni kweli. Na mtu anayekula pande zote mbili ndio anajua vizuri pesa inapotea wapi hapa katikati.

Sasa nianze na swali, na nataka mnijibu kwa mikono sio kwa mdomo. Nani hapa mwezi huu ameuza ng'ombe? Mikono juu. Haya, wengi. Nani kati yenu alijua ng'ombe wake ana kilo ngapi siku anamuuza? ... Naona mkono mmoja, na huyo ni afisa mifugo ambaye hata sio mfugaji, shusha mkono mkuu. Nani alijua siku hiyo kilo moja ya ng'ombe hai ilikuwa inachukuliwa shilingi ngapi kwenye mnada wa Pugu, Dar? Hakuna. Haya, sasa mchuuzi aliyenunua ng'ombe wako, yeye alijua? Alijua! Alfajiri kabla hujamfungua ng'ombe wako zizini yeye alishapiga simu Dar, ameshaambiwa leo malori mangapi yameshusha, madume yanakwenda shingapi, mitamba shingapi, ndio akaja mnadani. Wewe umekuja na ng'ombe na fimbo, yeye kaja na bei. Halafu mnaita hayo maelewano.

Siwalaumu wachuuzi kwa kupiga simu jamani, na mimi nikienda kununua napiga simu. Kosa sio kwamba wao wanajua. Kosa ni kwamba wanajua peke yao.

Tuangalie mnada wetu unavyokwenda maana tumeuzoea mpaka hatuuoni tena. Mzee anatoka kijijini usiku, anaswaga ng'ombe watatu, wanafika saa tatu asubuhi wamechoka matumbo yameingia ndani. Anapokelewa na dalali getini kabla hata hajapata chai. Dalali anamwambia leo soko bovu mzee, wanunuzi wachache. Wanunuzi wanapita, mmoja anamshika ng'ombe mkia, anamsukuma nyongani, anasema laki tano na nusu, anaondoka. Wa pili anakuja anasema laki tano na ishirini. Wa tatu laki tano na nusu vile vile. Mzee anaona basi hiyo ndio bei, watu watatu tofauti wamesema hivyo hivyo, kumbe hao watatu wamekunywa supu meza moja asubuhi. Ikifika saa nane mchana mzee ana mambo mawili tu, auze au arudi na ng'ombe kilomita zile zile na ada ya mtoto haijalipwa. Anauza. Dalali anachukua chake kwa muuzaji na anachukua kingine kwa mnunuzi, halmashauri inachukua ushuru, kibali cha kusafirisha kinakatwa, na kwenye karatasi zote hizo, angalia mwenyewe ukitoka hapa, kuna jina na rangi na idadi lakini hakuna kilo. Na ile bei inayojazwa, sisemi.

Sasa niwape hesabu ya buchani ambayo wenzangu wa bucha wakisikia nimewapa watanikasirikia. Nachukua namba za mfano ili tuelewane, msije kesho mkaniambia ulisema. Tuseme dume la kienyeji limepimwa lina kilo 260 likiwa hai. Ng'ombe wetu wa kienyeji ukimchinja, ukatoa kichwa, miguu, ngozi na matumbo, unabaki na mzoga ambao ni kama nusu ya uzito wake, wakati mwingine chini ya nusu kidogo kama alikuwa ameshiba maji. Basi tuseme kilo 130. Nikiuza kilo kwa 10,000 hiyo ni milioni moja na laki tatu. Hapo nina supu, kichwa, makongoro na maini juu yake, ngozi msiihesabu maana ngozi siku hizi imekufa, machinjioni unaiona imelala tu inaoza. Toa sasa gharama zangu, machinjio, daktari wa ukaguzi, usafiri wa nyama, pango la fremu, umeme wa friji, kijana anayekata, leseni, na mifupa wateja wanayokataa kuchukua kama zamani. Ukishatoa hayo yote mimi bado naweza kukulipa wewe mfugaji 4,000 kwa kilo hai na nikalala vizuri. Elfu nne mara 260 ni milioni moja na elfu arobaini. Wewe uliuza laki ngapi? Haya.

Najua kuna atakayesema mbona wewe huji kununua kwetu moja kwa moja kwa bei hiyo. Kwa sababu na mimi nanunua kwa macho! Hilo ndilo watu hawalijui. Mimi nikija hapa nikakadiria dume lina kilo 260 kumbe lina 220, nimepoteza kilo 20 za nyama, laki mbili zimeondoka kabla sijafungua mlango. Sasa nafanyaje ili nisipoteze? Nakadiria chini. Kila dume nalishusha kilo thelathini arobaini kwa usalama wangu. Kwa hiyo hata mnunuzi asiye mwizi, hata mcha Mungu, kwenye mnada usio na mizani lazima akupunje, kwa sababu anajikinga na asichokijua. Mkinielewa hapo mmenielewa yote niliyokuja kusema leo, mengine ni kuongezea tu.

Na mizani sio kitu kigeni kwetu jamani. Kanda hii hii ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, babu zetu walikuwa wanauza pamba kwa wafanyabiashara ambao mizani ni yao, mwenye kusoma mizani ni wao, na mwenye kuandika ni wao. Wakachoka. Wakaweka watu wao wenyewe wasimame pale kwenye mizani waangalie kilo za mkulima, na kutoka kwenye ugomvi huo wa mizani ndio ushirika wa pamba ukakua, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, mpaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria ambalo wazee wengine hapa wanalikumbuka kwa sifa zake na kwa madudu yake ya baadaye. Leo mkulima wa pamba, hata akiwa na kilo hamsini tu, akienda AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, anapima, na bei ya kilo ameshaisikia redioni tangu msimu unafunguliwa. Mkulima wa ufuta na wa korosho bei yake inasomwa hadharani kwenye mnada wa TMX, lile soko la bidhaa, ya juu na ya chini, wakiona haifai wanagoma kuuza siku hiyo. Najua na huko kuna malalamiko ya malipo kuchelewa, sio kwamba ni peponi. Lakini kilo inajulikana na bei inajulikana. Mtu huyo huyo mmoja, mkoa huu huu, pamba yake ya laki moja inapimwa mpaka gramu halafu ng'ombe wake wa milioni anauzwa kwa kuangaliwa makalio.

(Hapa watu walicheka sana, ila mwenyekiti wa soko hakucheka.)

Sasa serikali. Nisije nikaonekana sioni yaliyofanyika. Chanjo ya kitaifa iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025, ile ya ng'ombe kuchanjwa homa ya mapafu kwa ruzuku, wewe unachangia 500 na serikali inatia nusu nyingine, hilo ni jambo zuri na nimesema hata buchani, maana ng'ombe mwenye mapafu mabovu mimi nanyimwa muhuri machinjioni na hasara inabaki kwangu. Majosho yamejengwa, baadhi yana maji baadhi hayana, hilo mheshimiwa diwani tutaongea pembeni. Malambo yamechimbwa. Vijana wamepelekwa vituo vya unenepeshaji wakafundishwa mashudu na pumba na madini. Yote sawa. Lakini angalieni kitu kimoja, misaada hii karibu yote inamfanya ng'ombe awe mzuri zaidi, mnene zaidi, mzima zaidi. Na mnadani ng'ombe mnene akiuzwa kwa jicho, ule unene uliougharamia wewe anauchukua mnunuzi. Umelisha mashudu miezi mitatu, umeongeza kilo sitini, unafika pale jamaa anakwambia huyu nampa kama yule. Kijana aliyefundishwa kunenepesha akifanyiwa hivyo mara moja tu harudii tena, anauza wale waliobaki ananunua bodaboda. Kwa hiyo ruzuku ya serikali inatoka hazina, inapita kwenye tumbo la ng'ombe wako, inaishia kwenye mfuko wa mtu ambaye hakuwa kwenye mpango. Mimi sijui kama waliopanga walikusudia hivyo. Nadhani hawakukusudia.

Na hereni, zile za namba anazovishwa ng'ombe sikioni. Nimesikia mnaguna. Sikilizeni, najua kwa nini mnaguna. Wazee wetu wakati wa mkoloni walihesabiwa ng'ombe halafu wakalazimishwa kuwapunguza, hiyo haijasahaulika huku Usukumani, ukimwambia mzee tunakuja kuhesabu anasikia tunakuja kuchukua. Halafu zoezi la hereni lilipoanza lilikuwa la kulipia, makelele yakawa mengi, mwisho wa 2022 likasimamishwa, sasa limerudi pamoja na chanjo. Mimi siko kinyume na hereni. Wale wanaonunua nyama yetu kule Uarabuni, Oman, Qatar, Kuwait, Falme za Kiarabu, wanataka kujua mnyama katoka wapi, na nyama tunayowapelekea mpaka sasa nyingi ni ya mbuzi na kondoo, ya ng'ombe bado iko nyuma. Basi kama tunataka ng'ombe naye apande ndege lazima ajulikane. Ninachosema ni hiki, serikali imeweza kumjua ng'ombe wangu kwa namba, imejua amechanjwa lini, yuko kijiji gani. Namba hiyo hiyo akiuzwa iandikwe kilo na bei. Kama mimi mfugaji nimekubali ng'ombe wangu ajulikane, basi na bei ya mnunuzi ijulikane. Uwazi usiwe wa kwangu peke yangu.

Mtaniuliza hayo yanafanyika wapi. Yanafanyika. Nitawapeleka mbali kidogo halafu tutarudi.

Marekani, mwaka 1921, walitunga sheria ya kuwabana wenye viwanda vya nyama, kwa sababu wakati ule makampuni makubwa matano yalikuwa yameshika biashara yote ya nyama na wafugaji walikuwa wanalia kama tunavyolia. Sheria ile mpaka leo ipo, inataka mizani ya mnadani ikaguliwe, na inataka mfugaji alipwe kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya kuuza. Kesho yake! Sio njoo Jumanne, sio mzigo haujauzwa Dar. Halafu mwaka 1999 wakaongeza sheria nyingine kwamba kiwanda kikubwa cha kuchinja lazima kiripoti serikalini kimenunua ng'ombe wangapi, kwa bei gani, na serikali inatangaza kwa kila mtu, kwa ng'ombe ni mara mbili kwa siku. Hawatangazi jina la nani kauza, wanatangaza bei. Mfugaji wa Kansas au Nebraska anaiona na mnunuzi anaiona, wanaongea wakiwa sawa.

Lakini nisiwadanganye, huko nako sio mambo yameisha. Makampuni manne tu ndio yanachinja zaidi ya asilimia 80 ya ng'ombe wao wa kunenepeshwa. Agosti 2019 kiwanda kimoja huko Kansas kiliungua moto, na wiki hizo bei ya ng'ombe anayouza mfugaji ikashuka wakati bei ya jumla ya nyama inayotoka viwandani inapanda. Wafugaji wakawaka. Kwa hiyo kuijua bei hakukupi wanunuzi wengi, hilo ni tatizo lingine na lina dawa yake. Ila angalieni, waliweza kuwaka wakiwa na namba mkononi, wakaenda bungeni na karatasi. Sisi tukienda kwa mkuu wa wilaya tunakwenda na nini? Tunakwenda na kelele, tunaambiwa leteni ushahidi, tunarudi.

Na Ireland, nchi ndogo, kisiwa cha mvua na majani, nyama yao karibu yote wanauza nje. 2019 wafugaji wa huko walikwenda kukaa kwenye mageti ya viwanda vya nyama wakayafunga, wiki na wiki, mpaka Septemba wakakaa meza moja na viwanda na serikali. Kilichowaumiza ni kuona nyama inauzwa ghali madukani halafu wao wanalipwa chini ya gharama, na masharti ya bonasi wasiyoelewa nani kayapanga, ng'ombe akizidisha miezi 30 anakatwa, akiwa amehamishwa mashamba mengi anakatwa. Serikali yao mwaka huo huo ikatoa na msaada wa fedha pamoja na Umoja wa Ulaya, euro milioni 100, na hapa nataka mnisikilize vizuri wale mnaopenda kusema serikali itupe hela. Hela ile ilikuwa na sharti la kupunguza mbolea inayotoka kwa ng'ombe kwa asilimia tano, maana yake kwa mkulima wa kawaida ni kupunguza ng'ombe au kuwauza mapema, wengi hawakuweza kulifikia, wakadaiwa warudishe. Msaada ukageuka deni. Kilichodumu ni kile kingine, kwamba bei ambayo kila kiwanda kimelipa inatangazwa na wizara kila wiki, kwa daraja la nyama, mtu anaiangalia kwenye simu, na mwisho wa 2023 ikafunguliwa ofisi maalumu ya kusimamia haki na uwazi kwenye biashara ya chakula kutoka shambani mpaka dukani. Hela iliisha. Bei kwenye simu bado ipo.

Haya turudi nyumbani, sisi sio Ireland, najua, wao ng'ombe anapita kiwandani na kila mzoga una daraja, sisi wengi wanachinjwa usiku kwenye machinjio ya mji na alfajiri nyama iko buchani. Ndio maana sisemi tuanze na viwanda. Tuanze na geti la mnada.

Ninachotaka tuiombe halmashauri na wizara ni kidogo, kidogo mpaka mtashangaa. Mizani iwekwe na ifanye kazi. Nasema ifanye kazi kwa sababu mnajua na mimi najua kuna minada ina mizani imekaa imefungwa kufuli, kuku wanalala humo, kwa sababu wanunuzi walisema inachelewesha na wafugaji tukanyamaza. Wakala wa Vipimo waje waikague na wabandike stika yao kama wanavyobandika kwenye mizani yangu ya bucha, maana mimi nisipokuwa na stika nafungiwa, kwa nini mzani wa kilo mbili za nyama ni kosa la jinai halafu kilo mia tatu za ng'ombe ni makadirio? Kama mizani mikubwa ni gharama na minada ya awali, hii midogo ya huku kwetu, ni mingi, basi tuanze hata na ule utepe wa kuzungusha kifuani, maafisa mifugo wanao, wanautumia kujua dawa wapige kiasi gani, haukupi kilo kamili lakini unakupa kilo za karibu na ni bora mara mia kuliko jicho la mtu anayetaka kununua.

Halafu ubao. Ubao mweusi na chaki, au tangazo la karatasi, au skrini kama hela ipo, mimi hata ubao unanitosha. Pale getini kabla ya dalali kukufikia, uandikwe: jana Pugu dume daraja la kwanza kilo hai shilingi kadhaa ya juu na ya chini, la pili kadhaa, mtamba kadhaa, na mnada wa hapa wiki iliyopita vivyo hivyo. Pugu ni mnada wa serikali, namba zinaingia pale kila siku, kuzipiga picha na kuzituma kwa meseji ni kazi ya dakika tano. Na isomwe kwa kipaza sauti, kwa Kisukuma, maana kuna mama zetu wajane wana ng'ombe wawili watatu, hawana simu janja, hawana bando, na hao ndio wanaopunjwa kuliko wote kwa sababu dalali anajua hawana wa kumuuliza.

Risiti iwe na kilo, bei ya kilo, na jumla. Kibali nacho hivyo hivyo. Basi.

Kuna wazee kabla ya mkutano waliniambia tuombe serikali ipange bei, itangaze ng'ombe asiuzwe chini ya kiasi fulani. Nawaheshimu wazee ila mimi sikubali. Ng'ombe sio pamba, hawa wawili hapa nje wote ni madume na mmoja ana nyama mara mbili ya mwenzake. Ukipanga bei ya chini mnunuzi hatakuja, atakwenda wilaya ya jirani, na wewe ng'ombe wako hakai ghalani akisubiri, anakula na anakunywa kila siku. Tuliona korosho 2018, serikali ilitangaza 3,300 kwa kilo ikaamua kununua yenyewe mpaka jeshi likaingia, kwa moyo mzuri kabisa, na wako waliosubiri hela yao muda mrefu sana. Mimi sitaki serikali inunue ng'ombe wangu. Nataka iwashe taa, kununua watanunua wenyewe.

Isipokuwa kwenye ukame. Hapo nabadilika kidogo. Ukame ule wa mwisho wa 2021 kuingia 2022, Simanjiro na Longido walikufa ng'ombe kwa maelfu, na kabla ya kufa waliuzwa kwa bei ya mbuzi, kwa sababu kila mtu alisubiri mpaka mnyama hawezi kusimama ndio akampeleka mnadani, wote siku moja. Kenya majirani zetu kuna wakati serikali inaingia kununua mifugo ya wafugaji wakati wa ukame, kuna na bima ya mifugo inayoangalia majani kwa setilaiti, majani yakikauka chini ya kiwango mfugaji analipwa, walianza Marsabit 2010. Hayo tuyaombe na sisi. Lakini hata hapo bei ya wazi inasaidia, mtu akiona kila wiki ubaoni kilo inashuka, inashuka, atauza watano mapema wakiwa na nyama akabaki na hela ya kuwalisha waliobaki. Asipoona anasubiri mvua.

Sasa fungu letu sisi wenyewe, nilisema kila mtu atapata. Tuache kudanganyana bei. Mtu ameuza laki tisa, akiulizwa na jirani anasema milioni na laki moja ili aonekane mjanja, akiulizwa na mke wake anasema laki sita. (Mama mmoja hapa alipiga vigelegele na wanaume wakaangalia chini.) Ndio ukweli! Kuna wanaume humu hawataki mizani wala risiti na hawaogopi mchuuzi, wanaogopa risiti ikifika nyumbani. Na kuna wanaowanywesha ng'ombe chumvi na maji asubuhi ya mnada ili tumbo lijae, mizani ikija na hilo mliache, kwa sababu mnunuzi akishagundua atakata kilo kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye hakufanya. Wakulima wa pamba waliotia maji na mchanga wanajua walivyoharibu jina la wenzao.

Na grupu la wasapu la wafugaji, tupunguze kutuma salamu za Ijumaa na za Jumapili, tuweke bei. Ukiuza, andika tu: mnada fulani, dume, kilo kama ulipima, bei. Usiandike jina lako, majambazi nao wana simu. Wamasai kule Longido na Monduli wanaulizana bei mpaka ya ng'ambo ya Namanga kabla ya kuamua ng'ombe aelekee wapi, hawajasubiri mtu awafundishe.

Nyie wachuuzi kule nyuma, nimewaona mnanong'ona. Mizani haiwaui. Ninyi mnasafirisha ng'ombe karibu kilomita elfu moja mpaka Pugu, anapungua njiani, wengine wanavunjika miguu kwenye lori, kila geti mnatoa kitu, hiyo yote ni gharama halali na ikijulikana hakuna atakayewauliza kwa nini bei ya hapa sio ya Pugu. Tofauti ya Pugu na hapa lazima iwepo. Tunachotaka ni kuiona ni kiasi gani. Mchuuzi anayenunua kwa haki atapata ng'ombe wengi zaidi kwa sababu watu watamletea, na yule wa kunywa supu meza moja na wenzake atabaki na supu yake.

Katibu ana karatasi ya maombi haya manne, yaani mizani iliyokaguliwa, ubao wa bei getini, risiti yenye kilo, na namba ya hereni ibebe bei. Itakwenda kwa mkurugenzi kabla bajeti haijapita kwenye baraza la madiwani, maana ikishapita tutaambiwa mwakani. Wasiojua kusoma wasomewe kwanza halafu ndio waweke dole gumba, mtu asisainishwe kitu asichokijua, tumeshafanyiwa sana. Anayepinga naye asimame aseme, ni haki yake.

Mwenyekiti wa soko amenyoosha mkono tangu niliposema kuku wanalala kwenye mizani. Naomba apewe maiki.